Kitabu Nilichokikashifu

Mimi huuza ndizi Voi. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani niliingia kwenye kamati ya kuchagua kitabu cha historia ya dunia kwa sababu ya elimu. Niliingia kwa sababu ya madawati. Shule ya binti yangu ilikuwa imeagiza madawati arobaini, yakaja thelathini na manane, na hakuna aliyejua mpaka watoto wawili walipobaki wamesimama. Kwenye mkutano wa wazazi nikauliza nani aliyapokea. Kimya. Nikauliza nani aliyahesabu. Kimya zaidi. Mwalimu mkuu akavua miwani, akasema, "Mzazi, kuanzia leo kitu chochote kikinunuliwa hapa, wewe utakuwepo."

Kilichofuata kununuliwa kilikuwa kitabu.

Vitabu vya kawaida huletwa na serikali. Hiki kilikuwa cha ziada. Mwalimu wa historia, binti mdogo aliyekuwa katika mwaka wake wa pili wa kazi, alikuwa amewachagua wanafunzi ishirini na wawili wa kidato cha tatu ambao kitabu cha kawaida kilikuwa kimewaishia. Si kwamba walikimaliza tu. Walikuwa wanauliza maswali yasiyokuwemo. Alimwomba mwalimu mkuu kipindi kimoja kila Jumatano alasiri pamoja na kitabu kikubwa kidogo. Mwalimu mkuu akakubali kwa sharti: muhula mmoja. Asipoona tofauti, kipindi kinarudi kwa hisabati, ambayo kwa maoni yake haijawahi kushiba vipindi.

Binti yangu alikuwa mmoja wa wale ishirini na wawili. Ndiye pia wenzake waliyemchagua awasemee kwenye kamati. Walimchagua wao, si mimi. Niliuliza mara mbili.

Wakala wa vitabu kutoka Mombasa akaja, akaacha sampuli. Kulikuwa na vitabu viwili vya kushindanishwa, kimoja chekundu na kingine cha kijivu, na kila mjumbe alipewa vyote viwili akae navyo wiki moja nyumbani. Vilikuwa vya Kiingereza, kama vitabu vyote vya somo hilo. Kiingereza changu ni cha kusoma pole pole na kuuliza bei haraka, kwa hiyo binti yangu alikaa kando yangu mezani kunisaidia mahali pa kukwama.

Mtu wa soko haangalii kreti kutoka juu. Juu ndiko mwenye mali anakopanga nyanya za kupigia picha. Unaingiza mkono mpaka katikati, unatoa moja huko, hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli. Basi vitabu vyote viwili nikavifungua katikati. Halafu nikahesabu. Chekundu kilikuwa na ramani kumi na tisa. Cha kijivu, mara ya kwanza nilipata hamsini na sita, mara ya pili hamsini na saba.

"Ukurasa huu una mbili, Baba," binti yangu akasema. "Umeziona kama moja."

"Nani anaweka ramani mbili za mahali pamoja?"

"Soma."

Nikasoma. Ilikuwa nchi moja, imechorwa na majirani wawili waliokuwa wanagombana, kila mmoja akiuweka mpaka mahali palipompendeza. Chini yake kitabu hakikusema nani ana haki. Kiliuliza: ungekuwa msuluhishi, ungetaka kuona nini kingine kabla ya kuamua? Nikaweka kikombe chini. Mimi nimesuluhisha ugomvi wa meza sokoni zaidi ya mara moja, na hilo ndilo swali lenyewe. Watu wengi huliruka.

Chekundu hakikuwa kibaya. Kilikuwa kimepangwa kama rafu za duka la dawa: sababu nane, matokeo saba, faida sita, hasara tano. Nilimuuliza binti yangu kwa nini hasara zilikuwa tano na faida sita.

"Hakuna sababu. Ndivyo tunavyokariri."

"Na ukitaja hasara ya sita?"

"Hakuna maksi ya sita."

Nilianza kuamka mapema kidogo ili nisome kabla ya kwenda sokoni. Mke wangu alidhani nimepata deni. Sura iliyonishika ilikuwa ya vyakula vilivyovuka bahari: jinsi meli zilivyoanza kwenda Amerika na kurudi, mahindi yakaja huku, maharagwe, mihogo, viazi, nyanya, njugu, mapapai, pilipili, vyote wageni. Nilisoma orodha hiyo nikaona siamini, nikaichukua mpaka soko la Voi kuihakiki kwa macho.

Anayeuza karibu na meza yangu ni mama mmoja wa nyanya, Mkamba, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kuteremsha bei. Kijana wake alikuwa kwenye kundi lile lile la historia, na mama mwenyewe alikuwa mjumbe mwenzangu wa kamati.

"Jirani," nikamwambia, "nyanya zako zimetoka wapi?"

"Taveta. Gari limeshusha alfajiri."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya Taveta kuna nini? Si ni Holili, ng'ambo ya mpaka? Wewe unataka kuniitia watu wa ushuru."

"Zimetoka Amerika."

Alicheka mpaka mteja wake akasahau kuomba nyongeza. "Amerika! Basi acha nipandishe bei, nauli ni kubwa." Kisha akaniangalia vizuri. "Hayo umeyatoa kwenye kile kitabu? Mimi cha kwangu nimempa kijana asome. Mimi nasoma uso wa mteja."

Nilizunguka soko nikihesabu. Vya kuliwa vilikuwa vya aina thelathini na moja. Wageni kutoka Amerika walikuwa kumi na wawili mzunguko wa kwanza, kumi na watatu wa pili, kwa sababu nililisahau parachichi. Wenyeji halisi wa bara hili niliwapata wachache: kunde, mtama, wimbi, bamia, tikiti. Nikarudi kwenye meza yangu. Kitabu kilisema ndizi asili yake ni mashariki ya mbali, ilivuka bahari zamani sana kabla ya hizo safari za Amerika. Miaka kumi na tisa nimewaambia wateja, "Chukua mama, hii ni ndizi ya kienyeji." Siku hiyo nililitamka neno hilo kwa sauti ya chini.

Lakini lililonikaa zaidi lilikuwa swali la mwisho wa sura. Kabla ya vyakula hivi kufika, watu wa kwenu walikula nini? Nikageuza nyuma kutafuta jibu. Hakuna. Kitabu kilikuwa kinamwambia mwanafunzi aende akaulize.

Jumapili tulimpigia mama yangu, ambaye yuko juu milimani upande wa Wundanyi. Binti yangu akaweka simu mezani sote tusikie.

"Bibi, kabla ya mahindi mlikuwa mnakula nini?"

"Kabla ya mahindi lini?"

"Zamani. Kabla hayajafika."

"Hayajafika yalikuwa wapi? Mahindi yako hapa tangu dunia iumbwe. Nani amekwambia yalisafiri?"

"Kitabu, Bibi."

"Mwambie mwenye kitabu aje nimwonyeshe shamba."

Tulicheka, yeye akakasirika, kisha akatulia. Akasema kwamba, kwa kweli, bibi yake yeye alikuwa na jungu moja ambalo halikupikiwa ugali wa mahindi hata siku moja. Lilikuwa la wimbi tu, na mtoto aliyekosea alichapwa. Hakuwahi kuuliza kwa nini. "Nilidhani ni ukali wake tu," akasema. Alipiga tena Jumatatu, akiwa na aina tatu za viazi vikuu ambavyo hatujawahi kuvisikia. Akapiga Jumanne, kusahihisha ya Jumatatu.

Binti yangu alijaza kurasa nne. Ni mtoto ambaye kwa miaka miwili alikuwa ananijibu "sawa" na "ndiyo", kisha anaondoka. Wiki ile alinifuata mpaka mlangoni akibishana.

"Tutachukua cha kijivu, si ndiyo, Baba?"

"Wacha tuone," nikasema. Hata kwake sikukisifu kwa kinywa. Lakini aliona nikikisoma hata wakati wa kula.

Sasa hapa lazima nieleze namna tunavyonunua, maana bila hilo nitaonekana mwendawazimu.

Nikienda mashamba ya Bomeni kuchagua ndizi, mkungu ninaoutaka siuangalii. Naangalia ulio kando. Ule mzuri nitaugusa kwa kidole kimoja, niulize kama una ugonjwa. Nitasema ni mwembamba, nitasema umekatwa mapema. Mwenye shamba anajua kwamba nautaka, na mimi najua kwamba anajua, lakini hizo ndizo heshima zetu. Kisha nageuka kuondoka. Nikifika hatua ya nne au ya tano, ananiita, "Haya njoo, tuongee." Anayeisifu bidhaa kabla ya bei ni mgeni, au ni mchumba.

Siku ya kikao wakala alichelewa saa nzima. Malori yalikuwa yamefunga barabara Maungu. Alipofika tulikaa ofisini kwa mwalimu mkuu: yeye mwenyewe, mwalimu wa historia, mama wa nyanya, binti yangu na mimi. Wakala alikuwa na katoni mbili na tai.

"Tuanze na wazazi," mwalimu mkuu akasema. "Mzazi wa ndizi, karibu."

Mwenye mali alikuwa amekaa mbele yangu. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Ulikipita chekundu, ukakichukua cha kijivu kwa vidole viwili.

"Hiki," nikasema, "karatasi yake ni nyepesi. Ukipiga chafya umefika vita vya pili."

Mwalimu mkuu akatabasamu. Nikapata nguvu.

"Jalada litabanduka kabla ya Agosti. Ramani ni nyingi mno, wanafunzi wataanza kuchora hata njia ya kwenda kantini. Halafu maswali hayana majibu. Sasa mimi nauliza, hapa nanunua kitabu au nanunua kazi?"

Nikakisukuma mezani, nikasimama, nikaenda dirishani. Hapo ndipo mtu huitwa.

Uani kulikuwa na miarobaini tisa. Nikaihesabu tena. Tisa. Nyuma yangu hakuna aliyeniita. Mama wa nyanya alikuwa anaangalia kucha zake, na sura yake haikuonyesha kitu.

Sauti niliyoisikia ilikuwa ya mwalimu wa historia, na ilikuwa ndogo. "Mimi nilikuwa naelekea hicho cha kijivu. Lakini mzazi amekaa nacho wiki nzima, na binti yake yuko kwenye kundi. Kama nyumbani kimewashinda... nina muhula mmoja tu, sir. Siwezi kubahatisha."

"Mwanafunzi?" mwalimu mkuu akauliza.

Nikageuka. Binti yangu alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoijua ikiwa imehamishwa mlango.

"Sina la kusema, sir."

"Chekundu, basi." Akaandika kwenye daftari la kumbukumbu za kikao. Wakala, ambaye kwake vitabu vyote viwili vilikuwa mkate, akasema ni uamuzi mzuri sana, akaanza kuvirudisha vya kijivu kwenye katoni. Mwalimu mkuu akatoka kwenda kutafuta muhuri kwa karani.

Nikatoka nyuma yake. Binti yangu akanikuta kwenye baraza.

"Baba, ulinidanganya mimi wiki nzima, ama umewadanganya hao sasa hivi?"

"Nilikuwa nateremsha bei."

"Nani alijua?"

"Mama wa nyanya alijua."

"Mama wa nyanya ndiye atatufundisha?" Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na bei gani? Bei ya shule zote ni moja, imechapishwa nyuma ya kitabu. Umehesabu ramani hamsini na saba, nyuma hukugeuza?"

Sikuwa nimegeuza. Nilikuwa nimeangalia katikati.

Mama wa nyanya akatokea akijifunga leso. "Jirani, nimekungoja umalize mpaka nimechoka. Mbona umemwacha mtu wa watu anafunga mzigo?"

"Ulijua nakitaka, mbona hukusema?"

"Niingilie bei ya mtu?" Alishtuka kweli. "Mimi nina adabu zangu. Nilijua una hatua nyingine. Kumbe hatua ilikuwa ni dirisha!"

Mwalimu mkuu alikuwa anarudi na muhuri mkononi. Nilimfuata ndani, na naomba mniamini, nimewahi kuingia mahali pagumu zaidi kwa miguu myepesi kuliko ile. Mwalimu wa historia alikuwa amekaa pale pale, amekifungua chekundu, anasoma sababu ya kwanza mpaka ya nane bila uso wowote.

"Kabla hujapiga muhuri," nikasema. "Hicho cha kijivu. Nakitaka."

Neno hilo sikuwa nimewahi kulitoa mbele ya muuzaji. Nilihisi kama nimevua shati barabarani.

Wakala akasimama na kitabu mkononi. "Lakini mzee, si umesema karatasi ni nyepesi?"

"Ni nyepesi."

"Na jalada."

"Litabanduka. Tutalitia gundi."

"Na maswali hayana majibu."

"Ndiyo maana nakitaka."

Mwalimu mkuu akaweka muhuri chini. "Mzazi, dakika kumi zilizopita ulikuwa unakichinja."

"Nilikuwa nakinunua, mwalimu. Sisi ndivyo tunavyonunua. Nilisahau kwamba hapa watu husema wanachomaanisha."

Mama wa nyanya akaingilia, maana sasa bei ilikuwa imekwisha na adabu zilimruhusu. "Ni kweli. Angekisifu ndipo mngeogopa. Mimi nimemwona akikihesabia soko zima kama askari wa kaunti. Kijana wangu naye hataki kukirudisha."

Mwalimu wa historia alikuwa amekifunga chekundu. "Kwa nini unakitaka?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza darasani, nadhani, akikusudia kungoja.

Nikamweleza kuhusu mama yangu na mahindi. Nilianza vibaya, nikaruka Jumatatu, nikairudia. Nilipofika kwenye jungu la wimbi binti yangu akanikatiza kwamba halikuwa la mama yake Bibi, lilikuwa la bibi yake huyo Bibi, na kwamba hiyo inarudisha habari nyuma kizazi kimoja zaidi, na kama jungu lilikatazwa mahindi maana yake kuna mtu aliyekumbuka wakati mahindi yalipokuwa kitu kipya. "Ama maana yake ni mwiko tu," akaongeza, "hatujui. Ndiyo tunataka kuuliza watu wengine." Akazitoa zile kurasa nne mfukoni mwa sketi. Zilikuwa zimekunjwa mara nyingi. Alikuja nazo kikaoni, na maneno yangu ndiyo yaliyozifungia mfukoni.

Mwalimu wake alizisoma zote, akasimama kwenye moja, akaomba kalamu.

"Mahindi kweli?" wakala akauliza. Hakuna aliyemjibu kwa sababu sote tulidhani anatania. Lakini alikuwa amekifungua kitabu alichokuwa anakirudisha kwenye katoni, na alikuwa anatafuta ukurasa.

"Madam?" mwalimu mkuu akasema.

"Cha kijivu, sir. Muhula mmoja unatosha."

Mwalimu mkuu akalivuta daftari, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake, kisha akakwama. "Wakaguzi wakija wataniuliza kwa nini nimekata. Niandike mzazi amebadilisha maoni?"

"Sijabadilisha," nikasema.

"Basi niandike nini?"

Nikafikiri. "Andika: mzazi alikuwa ananunua."

Akaandika hivyo hivyo, akanigeuzia daftari nitie sahihi kando ya masahihisho. Binti yangu aliinama juu ya bega langu kuhakikisha ninachotia sahihi. Alisoma sentensi hiyo mara ya kwanza, na nikamwona macho yakirudi mwanzo wa mstari, akaisoma mara ya pili, ndipo akanipa kalamu.